Apu ya kupima umbali wa ndege: kilomita iko sawa, masaa usiamini

Kama unataka tu kujua Kisumu hadi New York ni mbali aje, hii apu itakusaidia na haikusumbui na mambo ya kujisajili. Unaandika KIS juu, JFK chini (vifupi vya uwanja wa Kisumu na wa New York), papo hapo inakutolea kilomita 11,560 na kitu na masaa 13 hivi. Kilomita sina shida nazo, mstari wa ramani pia niliupenda sana, unaondoka hapa Kisumu unapita Sudan Kusini, Chad, Algeria, halafu unaingia bahari. Watoto waliuliza mbona umepinda, nikawaambia vuta uzi juu ya chungwa muone kama njia fupi itanyooka kwa karatasi.

Sasa masaa. Hawa watu wamechukua kilomita wakagawanya na spidi ya ndege, kama 900 kwa saa, basi. Ni kama kuna ndege inapaa hapa kwetu barabara ya Busia inaenda moja kwa moja mpaka Marekani, na hakuna. Uwanja wetu ni wa kimataifa kwa jina sawa, lakini lazima kwanza urudi Nairobi, kilomita 280 hivi upande wa mashariki na wewe unaenda magharibi, hewani ni kama dakika 45 lakini kungoja ndege ya pili hakuna mtu anakuhesabia. Na ukikata tiketi ya bei poa bila kusoma vizuri unaweza jikuta umeshushwa Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi, halafu utafute teksi ya kukutoa Lang'ata Road hadi JKIA, uwanja mkubwa wa ndege za nje, na mizigo yote. Apu haijui Wilson ni nini.

Hata ukianzia Nairobi, masaa 13 bado hayatoshi. Ile ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja Nairobi hadi New York, iliyoanza 28 Oktoba 2018, ilipangiwa karibu masaa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa sababu huko juu kuna upepo mkali wa kutoka magharibi, ukienda unakupinga ukirudi unakusukuma. Apu yenyewe inakupa namba ile ile kwenda na kurudi. Tena ndege haifuati huo mstari mzuri wa ramani, Sudan kwa mfano ilifunga anga vita vilipoanza Aprili 2023 na zile za kwenda Ulaya zikaanza kuzunguka.

Dada yangu alipokuwa anasafiri Mama aliuliza kitu moja tu, atafika saa ngapi, na hapo ndio apu haina jibu kabisa. New York iko nyuma yetu masaa 7 wakati wao wako na joto, 8 wakati wa baridi. Ukitoka Nairobi saa sita usiku mwezi wa Julai unatua saa tisa mchana yetu, na kule ni saa mbili asubuhi. Hiyo nilimfanyia Mama kwa karatasi, mezani, na bado akasema hiyo ndege imekimbia sana.

Nyota tatu. Ya nne wangepata kama tangazo la kamari halingekaa juu ya kile kitufe cha kutoa maili kuweka kilomita.