Lennie na shemeji yake: uzoefu wangu na The Sky Is Everywhere

Riwaya hii ya Jandy Nelson, iliyotoka mwaka 2010, inaanza Bailey akiwa ameshafariki wiki 4. Alikuwa na miaka 19, yuko kwenye mazoezi ya kuigiza Juliet wa tamthilia ya Romeo na Juliet, moyo ukapoteza mapigo, akaanguka, basi. Anayesimulia ni mdogo wake Lennie, miaka 17, mpiga klarineti wa mji mdogo huko California. Bibi yao ana wasiwasi, na mojawapo ya sababu ni kwamba ua la ndani analoamini linaonyesha afya ya Lennie limeota madoa. Nikacheka, nikajua kitabu nitakimaliza.

Halafu anaingia Toby, mpenzi wa marehemu. Kiingereza kinahitaji kurasa nzima kueleza uzito wa jambo ambalo sisi tunalibeba kwa neno moja: shemeji. Lennie na shemeji yake, wote wamefiwa na mtu yuleyule, wanabusiana. Nilikifunika kitabu nikaenda kufua. Kwetu shemeji ni wa kutaniwa, na utani una mpaka wake. Ukiuvuka ukoo unaitisha kikao.

Nilirudi, maana Lennie anasema lile nisilowahi kulisema. Nilifiwa na dada nikiwa kidato cha tatu. Siku ya tatu ya matanga, nyuma ya majiko ya wapishi, kijana aliyekuja kupasua kuni alinichekesha hadi nikashika mbavu. Nikainua macho, shangazi ananitazama. Hakusema kitu. Usiku ule, kwenye mkeka katikati ya wanawake waliolia hadi wakachoka, nilikuwa naomba kesho kuni zipungue. Nimeibeba aibu hiyo miaka mingi, na sikutegemea kuikuta kwa binti wa Kimarekani.

Kinachonipendeza zaidi ni mashairi. Lennie anaandika kwenye chochote, kikombe cha karatasi, ganda la pipi, karatasi ya noti za muziki, kisha anayaacha yalipo. Kati ya sura na sura unakutana nayo, na chini yameandikwa mahali yalipookotwa. Chumba cha dada yake nacho hataki kiguswe, na nguo zake anazivaa yeye. Za dada yangu ziligawiwa siku ya arobaini. Gauni lake la kitenge nimepishana nalo mtaani mara kadhaa likiwa mwilini mwa binamu.

Joe, mvulana mgeni anayepiga tarumbeta na gitaa, ndiye penzi lenyewe hasa. Mzuri mno. Kope zake zinatajwa hadi unachoka, na kosa lake kubwa ni kukasirika, tena kwa haki. Lugha nayo ina sukari nyingi mahali pengine. Lennie amesoma Wuthering Heights, ile riwaya ya kale ya Kiingereza ya mapenzi mazito, mara 23, kwa hiyo vumilieni. Nimekipa nyota 4 kati ya 5. Wazazi, mjue kuna bangi ya mjomba, kuna mvinyo, na tamaa inaelezwa bila kificho. Mimi ningempa mtoto wa miaka 15 kwenda juu.

Nakala yangu ni ya mtumba, niliinunua kwa muuza vitabu wa barabarani Posta. Mwenye kitabu wa kwanza hakuandika jina. Alikunja pembe ya ukurasa mmoja tu, ule wa busu la shemeji.