Blogu Mpya, Mfuko Mdogo: Pa Kuipangisha Ukiwa Nairobi

Anayeanza blogu hahitaji seva kubwa, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuipeleka kwa wasomaji. Piga hesabu: ukurasa wenye picha mbili tatu zilizopunguzwa una kama megabaiti 2. Wasomaji 100 kwa siku, kila mmoja akifungua ukurasa mmoja, watatumia takriban gigabaiti 6 kwa mwezi. Kifurushi kidogo kabisa sokoni kinayabeba hayo. Kwa hiyo usivutwe na nafasi "isiyo na kikomo". Ukisoma masharti, mara nyingi utakuta kikomo kimewekwa kwenye idadi ya mafaili, na WordPress, programu ya kuendeshea blogu, peke yake huja na maelfu ya mafaili. Yanayostahili macho yako ni mawili: bei ya mwaka wa pili, na uhuru wa kuhama.

Uhuru huo huanzia kwenye kikoa, yaani anwani ya blogu yako mtandaoni. Vikoa vya .ke vinasimamiwa na KeNIC, msajili wa vikoa vya Kenya, na .co.ke unaipata kwa takriban shilingi 1,000 kwa mwaka. Hakikisha jina na barua pepe za mmiliki ni zako wewe, si za kijana aliyekutengenezea tovuti. Akibadilisha namba ya simu, blogu imekwenda naye. Na ukipewa kikoa "cha bure", uliza kitagharimu ngapi mwaka ukiisha na kama unaruhusiwa kuhama nacho.

Chaguo langu la kwanza ni seva ya pamoja, yaani moja inayobeba tovuti za wateja wengi, ya kampuni ya Kenya: Truehost, HostPinnacle, Kenya Website Experts na nyinginezo. Unalipa kwa M-Pesa, kwa shilingi, na dola ikipanda haikuhusu moja kwa moja. Lakini usiishie kwenye jina. Uliza seva yenyewe iko wapi, maana kampuni ya Nairobi inaweza kukuuzia nafasi iliyoko Ulaya. Seva ikiwa hapa, mawasiliano yanapita KIXP, kituo ambako mitandao ya Kenya inakutana, na jibu linamfikia msomaji wa Kasarani kwa milisekunde chache. Kwenda Ulaya na kurudi ni zaidi ya 100. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora, na tovuti iliyokaa humu nchini haikuhitaji kuvuka bahari kumfikia msomaji wa hapa. Ikiwa wasomaji wako wengi wako London au Marekani, basi hoja hii haina uzito kwako.

Seva ya pamoja ni kama ploti yenye tangi moja la maji: jirani akifungulia mifereji yote, kwako yanatoka kwa kudondoka. Ndiyo maana huduma kwa wateja ina thamani kuliko gigabaiti. Wajaribu kabla hujalipa: watumie swali Jumamosi usiku, uone kama anajibu mtu na kama anaelewa ulichouliza. Waulize pia nakala za akiba huchukuliwa kila baada ya muda gani, na kama wewe mwenyewe unaweza kuzipakua. Cheti cha SSL, kinacholinda mawasiliano kati ya msomaji na tovuti, usikilipie; shirika la Let's Encrypt hukitoa bure, na anayekutoza pesa kwa cheti hicho kwa blogu ndogo anakuonea. Mwisho, angalia kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16.

Lipia mwaka mmoja tu, hata miaka mitatu ikiwa na punguzo tamu.

La pili ni Blogger, huduma ya kuandikia blogu mtandaoni, hasa kwa mwanafunzi au yeyote ambaye mfuko haujakaa sawa. Ni ya Google tangu 2003, kupangisha ni bure, na unaweza kuunganisha .co.ke yako. Gharama yako yote ni kikoa. Mapambo yake ni machache, ila makala zako unaweza kuzitoa na kuzihamishia WordPress baadaye, na kwa sababu kikoa ni chako, wasomaji watakupata palepale. Kwa kweli, kama hujui bado utaandika kwa uthabiti au la, anzia hapa. WordPress.com ya bure, huduma inayokupangishia WordPress, naiweka nyuma yake kwa sababu haikuruhusu kutumia kikoa chako.

La tatu ni kampuni za nje kama Hostinger na Namecheap. Huduma yao si mbaya, ila isome bei kwa makini. Tuseme tangazo linasema dola 3 kwa mwezi, lakini kwa sharti la kulipia miezi 48: hiyo ni dola 144 zinazotoka leo, kwa blogu ambayo haina hata makala tano. Muda huo ukiisha, bei ya kuendelea inaweza kuwa maradufu au zaidi. Itafute hiyo bei ya pili kabla ya kuingiza namba ya kadi.

VPS, yaani seva pepe unayoisimamia mwenyewe, iache kwanza. Ni wewe utakayesasisha mfumo, kuziba mianya ya usalama na kuamka seva ikilala, na muda huo ungeutumia kuandika.