TAHADHARI: Pikipiki za mkono wa pili zinazozima injini ikipata joto

Wenzetu wa Malindi, Watamu, Mambrui, Gongoni mpaka Mokowe, kabla hujatoa arbuni ya pikipiki ya mkono wa pili, soma hapa kwanza. Wako wauzaji wanaopitisha pikipiki zenye ugonjwa mmoja. Asubuhi inawaka kwa kiki ya kwanza na inalia vizuri. Ukiizungusha mtaani inarudi salama, unalipa. Ukishapakia abiria, dakika ya 15 au 20 inaanza kupungua nguvu, inakohoa, inazima. Piga kiki utakavyo, haitaki. Ukingoja nusu saa chini ya mwembe, inawaka kama kwamba haikuwa na lolote.

Aliyeiendesha kwa wiki moja tu anaujua ugonjwa huo. Kwa hiyo asikwambie eti umeanza kwako.

Muuzaji wa aina hiyo mtamjua kwa namna anavyoipanga saa. Atakuita alfajiri, au atataka mkutane pahali ambapo pikipiki imelala muda mrefu. Ukimwambia twende nayo Gede na kurudi, mafuta yatakuwa kidogo, bima itakuwa imekwisha, kuna mteja mwingine yuko njiani. Mafuta mnunulie ya mia mbili. Kama bima kweli imekwisha, usiingie nayo barabarani wewe wala yeye. Mwambie ailipie kwanza, utarudi siku hiyo. Anayeuza kitu kizima hatakataa.

Jaribio lenyewe ni hili. Ukifika tu, kabla haijawashwa, sogeza kiganja karibu na mbavu za silinda. Zikiwa za moto, imepashwa kabla hujaja, nawe uliza kwa nini. Kisha endesheni watu wawili, kwa sababu mzigo huichemsha injini mapema. Malindi mpaka Gede ni kama kilomita 15, kwenda na kurudi 30, na hizo zinatosha. Mkirudi, iache ikiwaka pale pale juani dakika 10 bila kutembea, maana ikisimama haipati upepo wa kuipoza. Izime, hesabu mpaka 60, iwashe tena. Hapo ndipo uongo unapotoka. Injini isiyo na kasoro ikiwa moto inataka kiki moja au mbili bila choki. Ikikataa, usilipe, hata akipunguza bei nusu.

Sasa hila wanayoitumia zaidi, na ndiyo inayowadanganya hata watu wazoefu: tapeti, yaani skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu. Injini za aina ya Honda CG125, zile zinazosukuma valvu kwa vijiti, ambazo pikipiki nyingi za Kichina za 125 na 150 zimeiga, zina sauti nyepesi ya tik-tik juu ya kichwa. Sauti hiyo ni ya kawaida, inatoka kwenye nafasi ndogo iliyoachwa kwa makusudi kati ya roka (mkono unaoisukuma valvu) na valvu (mlango wa kuingiza mafuta na hewa au wa kutoa moshi). Muuzaji anafungua kifuniko, anakaza tapeti mpaka nafasi inakwisha, na injini inatulia kama cherehani mpya. Mnunuzi anasikia utulivu, anafurahi. Lakini valvu ya ekzosti ikishika moto hurefuka. Isipokuwa na nafasi ya kurefukia, haifungi sawasawa, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inavuja kupitia pale na nguvu inakwisha. Ikipoa inafupika, inafunga, injini inawaka. Na kila safari inayokwenda hivyo, moto unapita kwenye ukingo wa valvu na kuuchoma. Kwa hiyo ukikuta CG iliyotumika miaka mingi haina hata chembe ya sauti juu, usiisifu. Itilie shaka.

Kipimo cha CG125 ni 0.08 mm, valvu ya kuingiza na ya kutoa, injini ikiwa baridi kabisa. Injini nyingine zina kipimo chake, fuata kitabu cha modeli yako. Unazungusha magineti mpaka alama ya T ikae mahali pake, unahakikisha roka zote mbili zina mchezo kidogo (zikibana, uko kwenye zamu isiyo yake, zungusha mara moja tena), kisha unapitisha filageji (kibati chembamba cha kupimia nafasi). Ipite kwa kusugua kidogo, isipite bure na isikwame. Kama ugonjwa ulikuwa tapeti peke yake, utakwisha siku hiyo hiyo. Ila ukirekebisha leo, na baada ya kilomita mia chache nafasi imekwisha tena, basi kiti cha valvu kimeliwa na valvu inazidi kuzama. Hapo ni kufungua kichwa, kusaga valvu au kubadilisha na kiti chake. Hiyo ni gharama ya muuzaji.

Lakini si kila inayozima ikichemka ni tapeti, na mafundi wengine wanabadilisha kabureta nzima kwa kosa la tundu la mfuniko wa tangi. Ikizima njiani, una dakika mbili tatu za kupata jibu kabla haijapoa, na mpangilio ni muhimu.

Kwanza fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia "fsss" ya hewa inayoingia, kisha ikawaka, tundu la kupumulia limeziba. Mafuta yakishuka na hewa haiingii, tangi linajifyonza na kabureta inakauka. Huku kwetu vumbi na chumvi ya bahari huziba tundu hilo haraka. Lizibue kwa waya mwembamba na upepo wa kompresa. Hakuna spea ya kununua.

Kama hakuna sauti, shusha kiki taratibu kwa mkono. Ikishuka laini bila kukusukuma, kompresheni imekwenda, rudi kwenye habari ya valvu. Ikiwa inasukuma vizuri, toa plagi kwa soketi namba 18, iweke kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini mbali na tundu la plagi na mbali na petroli, piga kiki. Cheche nzima ni ya buluu na ina sauti. Cheche nyekundu dhaifu, au hakuna kabisa, tatizo ni umeme. Kuwa na plagi mpya mfukoni, D8EA kwa CG, nafasi yake 0.6 hadi 0.7 mm, ili uiondoe plagi kwenye mashaka mara moja.

Umeme unaokufa kwa joto mara nyingi ni koili (inayotengeneza umeme wa cheche) au palsa (kihisio kinachotoa ishara ya wakati wa cheche). Koili ndani yake ina waya mwembamba mno. Ukikatika kidogo, ukiwa baridi ncha zinagusana, ukipata moto zinaachana. Ifunike kwa kitambaa chenye maji. Cheche ikirudi mara moja huku injini bado ya moto, umempata mwizi. Palsa iko ndani pamoja na magineti, haipozwi kwa kitambaa. Chomoa soketi ya CDI (kisanduku kinachoamuru cheche) na upime kwa mita: kwenye nyingi za Kichina ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, na wa kijani ambao ni ethi. Usomaji kwa kawaida uko kati ya omu 100 na 250. Linalohusu zaidi ni tofauti: pima baridi, pima moto papo hapo ilipozima. Baridi inasoma, moto mita haioni njia, palsa imekufa.

Ikiwa kompresheni ipo na cheche ipo, fungua skrubu ya chini ya kabureta. Mafuta yakitoka kidogo kisha yakaanza kudondoka tone tone, chujio la tangi limejaa kutu.

Jambo jingine la kuangaliwa kabla ya pesa: inua kiti ufuate waya. Pikipiki nyingi huchukuliwa kwa mkopo na hufungwa kifaa cha kufuatilia, chenye rilei (swichi ya umeme) inayoweza kukata umeme wa injini kutoka mbali. Ukiona waya zimeunganishwa kwa tepu tupu, shaba imegeuka kijani, au waya umekatwa ukaachwa ukining'inia, simama. Huenda kifaa kimeng'olewa na deni bado lipo. Na maungio hayo ya tepu, kwa chumvi ya huku, yenyewe yanatosha kuizima pikipiki ikipata joto na mtikiso.

Soma namba ya chesisi iliyopigwa kwenye shingo ya usukani na namba ya injini iliyo kwenye bloku, ulinganishe na logbuku herufi kwa herufi. Tafuta rekodi kupitia eCitizen uone jina la mwenye mali. Likiwepo jina la mkopeshaji pamoja na la muuzaji, hawezi kukuuzia mpaka mkopeshaji aachilie. Anayeanzisha kuhamisha umiliki ni muuzaji kwenye akaunti yake. Akikwambia lipa kwanza, "tutafanya transfa wiki ijayo", mwachie pikipiki yake.

Kwa uliyekwishanunua: usianze kubomoa. Irekodi video ikizima, muda ulioiendesha na umbali uliokwenda vionekane, weka ujumbe wote wa M-Pesa na makubaliano, ndipo umpigie. Na mpaka tapeti zipimwe, usiendelee kubeba abiria nayo, kwa sababu valvu iliyobana leo inaweza kusagwa, ikichomwa mwezi mzima itakula na kichwa.