Kupokea Malipo ya M-Pesa Unapouza Vitu Vilivyotumika: Uzoefu Wangu

Kwa mtu wa Nairobi anayetaka kuuza friji au kochi kabla ya kuhama, M-Pesa ndiyo njia ya malipo ninayoipendekeza, kwa sababu pesa huingia papo hapo, jina la mtumaji huonekana, na kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja kinatosha karibu kila kitu cha nyumbani. Nimeitumia kuwauzia watu nisiowajua, walionipata kupitia matangazo ya mtandaoni. Hatari kubwa niliyokutana nayo ni ujumbe bandia.

Mnunuzi mmoja wa kompyuta ya mkononi alikubali bei yangu kwa simu bila hata kuomba kupunguziwa, kisha akamtuma kijana wa bodaboda kuichukua. Kijana akiwa mlangoni, ujumbe uliingia wenye nambari ya muamala, neno "Imethibitishwa", bei tuliyopatana, tarehe na saa, yote kwa mpangilio ule ule wa kawaida. Hata hivyo, ulitoka kwa nambari ya simu ya mtu binafsi badala ya jina MPESA, na salio jipya lililoandikwa lilikuwa dogo kuliko pesa nilizokuwa nazo tangu asubuhi. Hapo ndipo tapeli hukwama, kwa maana anaweza kunakili kila kitu isipokuwa salio lako, ambalo halijui. Nilibonyeza *334# kuangalia salio na nikakuta hakuna kilichoongezeka, huku mnunuzi akinipigia simu mfululizo akitaka nimwachie kijana mzigo kwa kuwa anacheleweshwa kazi. Kijana mwenyewe hakujua lolote. Alikuwa amekodiwa tu, na inasikitisha kwamba watu hawa huwatanguliza wenzao wasio na hatia.

Pesa halisi nazo zina hatari yake. Aliyekosea nambari anaruhusiwa kuutuma ujumbe wa muamala kwa 456 ili arudishiwe, na kiasi ambacho mpokeaji hajakitumia kinaweza kuzuiliwa dai likishughulikiwa. Utaratibu huo umewaokoa wengi, na nisingependa uondolewe, lakini mnunuzi mwenye nia mbaya anaweza kuutumia akiwa tayari ameondoka na mali. Kwa sababu hiyo mimi huhifadhi mazungumzo yetu yote, na humwomba mnunuzi aandike kwa ujumbe kwamba amelipia kitu gani na kwa bei gani, ili nikiulizwa niwe na ushahidi.

Upungufu ninaouona ni kwamba malipo ya kawaida kati ya mtu na mtu hayana nafasi ya pesa kushikiliwa hadi mnunuzi akague kitu, kwa hiyo kila upande hulazimika kumwamini mwenzake. Ndiyo maana sasa ninataka mnunuzi aje mwenyewe mchana, mahali penye watu, akijaribu kifaa, alipe, kisha asubiri nithibitishe salio kabla sijamkabidhi. Wanaokataa sharti hilo siwauzii.