Rivyuu: majaji wa Florida wanavyomjibu gavana kuhusu hela na katiba, nimesoma nikiwa Kirumba

Wadau leo natoa rivyuu ya kitu ambacho sio simu wala lodge. Ni huduma ya mahakama. Jimbo la Florida kule Marekani, gavana akikwama kwenye katiba, hajui inamtaka afanye nini kwenye kazi zake, anawaandikia barua majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, na wao wanamjibu kwa maandishi, na yale majibu yanawekwa wazi mtu yeyote anasoma bure, hata mimi wa Kirumba na bando langu la wiki. Nimepitia kadhaa ila nitakaa sana kwenye ile ya 1997 maana sisi watu wa ziwani inatugusa moja kwa moja.

Aliyenitumia ni mdogo wangu anasoma sheria pale chuo kikuu cha SAUT Malimbe, alinikuta mwaloni, pale sokoni kwetu kwa samaki na dagaa, nabishana na watu kuhusu mto Mirongo. Mnaoishi Mwanza mnaujua ule mto, unakatiza katikati ya mji, mvua ikipiga tu unashusha ziwani chupa, mifuko, na maji meusi yenye harufu, na sie dagaa tunazoanika na kuuza zinatoka humohumo ziwani. Kila tukikaa hoja ni ileile, nani alipie kuusafisha, tuchangie wote au alipe anayechafua?

Florida nao walikuwa na ugomvi huohuo kabisa. Kusini mwa ziwa Okeechobee kuna mashamba makubwa, mengi ni ya miwa, na maji yanayotoka huko yana fosforasi ya mbolea, yanaenda kuingia kwenye ardhi oevu ya Everglades na kuharibu mimea ya asili. Mwaka 1996 wananchi wakapelekewa mapendekezo kwenye kura. Moja lilitaka kila pauni ya sukari ghafi ya eneo lile itozwe senti moja, hilo likaanguka. Lingine likapita likaingia kwenye katiba ya jimbo, linasema wale wa eneo lile la kilimo wanaosababisha uchafuzi wa maji ndo wawe wa kwanza kubeba gharama za kuuondoa.

Sasa hapo ndo utaona kazi ya gavana ilivyo ngumu. Katiba ya Florida inamfanya gavana ndo mwenye dhamana ya mipango na bajeti ya jimbo, alafu katiba hiyohiyo inasema hela haitoki hazina mpaka kuwe na sheria iliyoidhinisha, na mapato lazima yatoshe matumizi ya kila kipindi cha bajeti. Kwaiyo gavana Lawton Chiles akianza kuwadai wenye mashamba bila mamlaka anapelekwa mahakamani, akikaa kimya ataambiwa ameipuuza katiba ambayo wananchi wameipigia kura wenyewe. Akauliza maswali mawili. Kwanza, hiki kipengele kinafanya kazi chenyewe au kinasubiri Bunge la jimbo litunge sheria? Pili, kuwa wa kwanza kubeba gharama maana yake ni kulipa zote au ni vipi?

Majibu yametoka Novemba 1997 na kwakweli yamenyooka. Swali la kwanza, hapana, hakifanyi kazi chenyewe, maana kimeacha mambo mengi wazi, nani atasema huyu ni mchafuzi na yule sio, gharama zitapimwaje, hela itakusanywa na nani, hayo yote ni ya Bunge kuamua na sio ya gavana wala ya majaji. Swali la pili, maneno yachukuliwe kwa maana yake ya kawaida, atakayebainika kuchafua alipe fungu lake la gharama za ule uchafu uliotokana na yeye, mzigo wote wa kusafisha Everglades haumuangukii yeye peke yake.

Mimi hilo jibu la pili nimelisoma nikarudia tena. Mwaloni tulikuwa tunabishana kama vile kuna njia mbili tu, au wote au mchafuzi peke yake, kumbe kuna kupima uchafu ni wa nani na kila mtu abebe wake. Ila na la kwanza linauma, kwasababu ukitaka kupima lazima kwanza kuwe na sheria inayosema nani anapima na kwa kipimo gani, bila hivyo ni maneno tu hata yakiwa kwenye katiba.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba swali linaulizwa kabla hela haijaguswa. Sisi huku ripoti ya CAG, yani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, tunaisubiri kila mwaka ikifika Machi Aprili, na ni kazi kubwa na ya muhimu naiheshimu sana, lakini inakuja mwaka wa fedha umeshaisha, hela ishatoka, tunabaki kujadili aliyekosea nani. Kule kiongozi anakiri mbele ya jimbo zima kwamba hana uhakika, anauliza, anajibiwa na sababu zimeandikwa. Na hawajibiani chemba, katiba yao inasema wenye maslahi waruhusiwe kusikilizwa, na majibu yasitoke mapema kuliko siku 10 tangu maombi yasajiliwe, labda majaji waone kuchelewa kutaumiza umma. Yani mwenye shamba la miwa ana nafasi ya kusema na mtetezi wa mazingira ana nafasi ya kusema, ndo majaji wanaandika.

Mapungufu yapo na ni ya ukweli. Hayo ni maoni ya ushauri, sio hukumu, hakuna anayekamatiwa mali hapo. Gavana peke yake ndo anauliza kupitia mlango huo, mimi mwananchi siwezi, na lazima swali liguse mamlaka na kazi zake. Majaji nao wanaweza kukataa, mwaka 2022 gavana Ron DeSantis aliwauliza kuhusu mipaka ya jimbo moja la uchaguzi wakagoma kujibu. Alafu kubwa zaidi ni hili, jibu likiwa subirini Bunge na Bunge lisipofanya kitu, mnakaa. Mwaka 2002 suala la Everglades lilirudi mahakama ileile, safari hii ni wenye ardhi ambao hawachafui wanalalamika kwamba mamlaka ya maji bado inawatoza kodi ya kusafishia, na majaji wakasema inaruhusiwa kuendelea kuwatoza kwasababu Bunge lilikuwa bado halijatunga ile sheria. Miaka yote hiyo toka 1996! Hapo nyota moja inaondoka na siirudishi.

Nyingine nilizosoma haraka haraka. Ya 1987 gavana Bob Martinez aliuliza kuhusu kodi ya mauzo kwenye huduma, mpaka matangazo na wanasheria walikuwa wanatozwa, majaji wakasema kwa jinsi ilivyoandikwa haivunji katiba, na bado Bunge likaifuta ndani ya mwaka huohuo kwa kelele za watu. Ya Januari 2020 ni kuhusu waliomaliza vifungo kurudishiwa haki ya kupiga kura, majaji wakasema kumaliza adhabu ni pamoja na kulipa faini, fidia na gharama za mahakama. Hiyo binafsi iliniuma maana anayekosa hela anakosa kura, ila sababu zao wameziandika zote na ukitaka kuwapinga unajua pa kuanzia.

Kuna anayeweza kusema hayo ni ya Marekani hayatuhusu. Sio kweli. Hapo ng'ambo ya ziwa, Kisumu, Homa Bay na Migori, katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 163(6) inaruhusu serikali ya kaunti kuomba ushauri wa Mahakama ya Juu kwenye mambo ya kaunti, na magavana waliitumia walipokwama na mgawanyo wa mapato, majibu wakapata 2020. Kwetu mkuu wa mkoa sio gavana, anateuliwa, na hana mlango kama huo, ila msingi wa hela ni uleule, ibara ya 138 ya katiba yetu inakataza kodi yoyote isiyo na sheria na ibara ya 136 inafunga hela ya Mfuko Mkuu isitoke bila idhini. Ningetamani sana na sisi tuwe na mahali pa kuuliza mapema, kwa maandishi, na jibu likabandikwa hata pale mwaloni kwenye ubao wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi.

Kwa matumizi ya kawaida, kusoma kwenye simu kunawezekana, kiingereza ni kigumu ila maswali ya gavana yamenukuliwa kwaiyo hupotei, ukichoka macho peleka stationery wakuprintie. Anza na ya 1997, ni fupi kuliko ya 2020. Natoa nyota 4 kati ya 5. Na wanaosoma sheria hapo Malimbe, kama kuna mtu ana muda atutafsirie hiyo ya Everglades kwa kiswahili cha kueleweka, mimi nachangia hela ya kuprint nakala za wenzangu wa mwaloni.