Ankara kwa baruapepe: kiambatisho au kiungo?

Programu ya hesabu inapotuma ankara, huambatisha PDF yenyewe au huweka kiungo cha kuipakua.

Kiambatisho hubaki kwa mteja hata faili ya asili ikifutwa, lakini kina visa vyake. Barua hupimwa baada ya faili kusimbwa kwa Base64, yaani kugeuzwa kuwa herufi ili isafiri ndani ya barua, na hapo huvimba kwa takriban theluthi moja. Seva ya baruapepe inayotumia programu ya Postfix, isiyobadilishwa mipangilio, hupokea barua ya takriban MB 10 tu, kwa hiyo PDF ya MB 8, inayoonekana ndogo, hurudishwa. Kisa kingine ni cha Outlook: ikituma kwa muundo wa Rich Text, asiyeitumia anaweza kupokea faili iitwayo winmail.dat, asiyoweza kuifungua kwa kawaida, badala ya ankara. Badilisha muundo uwe HTML, basi.

Kiungo hakijali ukubwa. Tatizo lake kubwa ni ruhusa: mteja anabofya, anaambiwa aingie kwanza, anakata tamaa. Jaribu kukifungua kwenye kivinjari ambako hujaingia. Na siku hizi nani anabofya kiungo cha ankara bila wasiwasi?

Kwa ankara nachagua kiambatisho. Kiungo nakiachia michoro na video.