Baiskeli ya Kijapani ya kikapu kwa kwenda kazini Malindi: raha yake na karaha zake

Niseme mapema nisiwachoshe, hii baiskeli ni nzuri kwa mtu anaekaa Malindi na kazi yake iko hapa hapa Malindi, lakini kama wataka kuitoa Gede kila asubuhi uingie nayo mjini kwa ile barabara ya Mombasa basi soma kwanza mpaka chini. Naongelea zile za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele, keria nyuma, stendi ya miguu miwili, na bomba la katikati limeinama chini mtu avuke bila kurusha mguu juu. Wengi wanaziita za kike. Mimi ni mwanamke sina shida na hilo, ila kuna mzee mmoja wa Shela huenda na yake sokoni amevaa kanzu na kofia, na kanzu haijawahi kushika oili hata tone, kwa hivyo hiyo habari ya kike na kiume waachie wenyewe.

Yangu nlinunua kwa mtu anaezileta kutoka Mombasa, alianza na elfu kumi na nne tukavutana mpaka kumi na moja na akanitilia kengele juu yake. Bado ina stika ya usajili ya polisi wa kule Japani imebandikwa kwa bomba, namba zake zote zipo. Kwa mudigadi ya nyuma kuna maandishi mengine ambayo mtoto wa dada yangu ameshikilia ni jina la shule, sijui kayajulia wapi.

Sasa kwa nini baiskeli. Mimi nafanya kazi hoteli, upande wa Lamu Road, nakaa Muyeye, ni kama kilomita tano hivi. Mchana tuktuk si tatizo, hamsini yako unashushwa getini. Tatizo ni shift ya jioni. Ukitoka saa nne, saa tano usiku, tuktuk ya kushea hakuna, na kijana wa boda akikuona na yunifomu anakutajia mia mbili bila kupepesa macho maana anajua huna pa kwenda. Msimu ukiwa umechanganya, Disemba mpaka Machi, Waitaliano wamejaa, hiyo mia mbili waitoa tu kwa sababu tips zipo. Ngoja mwezi wa tano sasa. Kuna hoteli zinafunga kabisa, zisizofunga zinapunguza watu au zinawapunguzia siku, na nauli iko pale pale haijui kama ni low season. Mimi baiskeli imenisaidia hapo, kwenye miezi ile mikavu, kuliko hata msimu.

Watu wote wakiniuliza huniuliza jua. Jua ukitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi halijakuwa na nguvu, na milima Malindi hatuna. Kitu cha kuuliza ni upepo. Kusi ikianza, kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa, mimi nikitoka Muyeye kuja mjini inanisukuma mgongoni, nakanyaga kidogo tu nafika. Kurudi ndio kazi, na hasa ukitoka shift ya mchana saa kumi alasiri, hiyo ndiyo saa upepo wa bahari umepanda, na hii baiskeli inakukalisha wima mgongo umenyooka kwa hivyo kifua chako chote kimekuwa tanga, ila jahazi linarudi nyuma. Kaskazi inageuza mambo, asubuhi inakupiga usoni lakini asubuhi haijachangamka sana, jioni inakurudisha nyumbani kwa raha. Shift ya usiku mara nyingi upepo umeshalala, hapo ni wewe na miguu yako.

Ndio maana nasema usinunue isiyo na gia. Hizi nyingi zina gia tatu, ziko ndani ya haabu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu, wazungusha pale mkononi 1, 2, 3 basi. Tatu zatosha kabisa. Vijana wanapenda zile za mauntini zenye gia ishirini na moja, mimi niliwahi kuendesha ya ndugu yangu, kumi na nane kati ya hizo hapa Malindi hazina kazi ila kukamata mchanga. Na mashine yake ya gia inaning'inia nje kule chini, ikigonga jiwe moja tu cheni inaanza kuruka. Hizi za ndani mchanga hauingii. Ubaya wake, siku ikiharibika fundi wengi hapa hawaijui, wataifungua kwa nia njema kabisa na kurudisha itakuwa bahati nasibu. Omba Mungu.

Kitu kilichoniuza mimi hasa ni kava la cheni. Navaa buibui, na kwa black mamba ya kawaida, zile baiskeli nyeusi nzito za zamani, buibui na cheni ni maadui wa tangu zamani, wakikutana mmoja lazima achanike. Hii cheni yote imefunikwa juu na chini, huioni. Juu ya hapo ukinunua mwambie muuzaji akutafutie ilio na neti ama plastiki pembeni ya tairi la nyuma, zipo chache, hiyo yazuia nguo isiingie kwa spoku. Mimi nlishona kipande cha neti ya dirisha nikafunga na waya, si kizuri kwa macho lakini chafanya kazi.

Chumvi sasa. Hapa hakuna baiskeli inaepona. Kila kitu chetu kinashika kutu, mabati, pasi, grili za madirisha, na baiskeli haiwezi kuwa ndio itanusurika. Ya Kijapani rimu nyingi ni alumini hazioti kutu, lakini spoku, nati, kikapu, vyote vitabadilika rangi. Kikapu cha waya usikipende sana, kitakuacha. Cha kufanya ni kuipangusa na maji matamu, maji ya mfereji yale yanaotoka Baricho, siku yapo. Usichote maji ya kisima ya pale nyumbani ukaanza kuimwagia, visima vingi vya huku vina munyo, utakuwa unaipaka chumvi juu ya chumvi. Halafu tia oili kidogo kwa cheni, kidogo. Fundi wetu hupenda oili chafu ya gari, wanamimina mpaka inachuruzika, unatoka pale inang'aa lakini ukifika kwenu mchanga wote wa Muyeye umeshaganda hapo.

Pancha. Hili nitaliongea kwa urefu kwa sababu ndio litakukuta mapema. Tairi zake ni nyembamba, 26 kwa 1 3/8, sio zile 26 nene za mauntini, na usidanganywe kwamba 26 ni 26, haziingiliani. Spea zake zapatikana lakini si kila duka, ukiiona nunua mbili uweke. Valvu yenyewe afadhali, ni ile ya zamani yenye mpira mwembamba ndani kama ya black mamba, kwa hivyo pampu yoyote ya mtaani inaikubali, na huo mpira ukichoka shilingi kidogo tu wabadilishiwa.

Kulitoa gurudumu la nyuma ni mtihani: kava la cheni, bendi ya breki, kidude cha gia, nati mbili zimeshika kutu. Kwa hivyo fundi mjanja halitoi. Kuna mzee hapa karibu na njia ya kwetu, ukimpelekea anaipindua baiskeli juu chini, "Mwanangu, huku nyuma hatugusi," ananiambia, anachukua vijiko viwili vya chai vilivyopindwa, anaingiza kwa rimu, anatoa upande mmoja wa tairi, anavuta chubu pale pembeni huku gurudumu liko pale pale. Anaijaza, anaizungusha ndani ya karai la maji kipande kwa kipande, anatazama povu. Akiona anaweka alama na kijiti cha kiberiti. Msasa, solusheni, anasubiri kwanza ikauke (hapa ndio utajua fundi na asie fundi, asie fundi hasubiri), kiraka alichokata kwa chubu mzee, anapiga piga na nyundo taratibu. Kisha anapitisha kidole ndani ya tairi lote pole pole akitafuta mwiba, maana mwiba ukibaki mtaonana kesho. Hamsini. Na maneno ya bure juu ya siasa za kaunti.

Breki ya mbele ni ya mpira, nzuri. Ya nyuma ni ya bendi, inashika vizuri lakini inalia. Wallahi inalia. Asubuhi kukiwa na unyevu unapiga breki pale karibu na stage watu wote wanageuka wakidhani kuna kitu. Nimeipeleka kwa fundi kadha, wameipaka hiki na kile, inanyamaza siku mbili inarudi. Nshazoea, nimeigeuza kengele ya pili.

Usiku ndio niko na maoni makali. Baiskeli ina dainamo, ile ya kusugua ubavuni mwa tairi, hauhitaji betri wala chaji, na ni kitu kizuri kwa karatasi. Lakini ukiiteremsha baiskeli inakuwa nzito ghafla, na yenyewe ni nzito tayari, kilo kumi na nane kwenda juu. Ukisimama taa inazima, na mvua ikinyesha dainamo inateleza kwa tairi unabaki gizani pale pale unapohitaji mwanga. Nimefunga tochi ndogo ya kuchaji kwa kikapu, na nyuma taa nyekundu ya kumeta. Ile nyekundu msiifanyie ubahili, bora ukose kengele.

Kwa sababu barabara ni vita. Ndani ya mji, Lamu Road, magari yanaenda pole na shida yako ni tuktuk, zinasimama popote pakiwa na mkono umeinuliwa bila hata kukonyeza taa. Ukizoea unajifunza kuangalia abiria wa mbele badala ya dereva, ukiona mtu kainua mkono jua tuktuk iliyo mbele yako inakuja kushoto. Lakini barabara kuu ya Mombasa, kuanzia upande wa eapoti kuelekea Msabaha na Gede, mimi siendeshi na simshauri mtu. Matatu zinakimbizana, lami ukingoni imelika imefanya ngazi, ukisukumwa nje washuka kwa mchanga na kurudi juu huwezi. Usiku wanakuja na taa za fuli usoni, na mbuzi na ng'ombe wanalala pale pale kwenye lami kwa sababu ina joto. Wale wachuuzi wa samaki wanaotoka mjini na makasha nyuma kwenda Ganda na Kakuyuni mimi nawavulia kofia, lakini wao hawana hiari, wewe unaepanda matatu kwa starehe una hiari. Mimi hukata kwa njia za ndani za Muyeye mpaka nitokee mjini, ni mchanga, pengine washuka usukume, lakini nafika mzima.

Mvua ya masika sitaki kuongea mengi, unalowa. Mudigadi zake ni ndefu kwa hivyo matope hayakurukii mgongoni, basi. Nguo za kazi ziko ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kikapu, na kama kazini kwenu hakuna pa kuoga na kubadilisha fikiria mara mbili, maana jasho la Malindi saa nane mchana si la kupanguswa na kitambaa. Hoteli tuna chumba cha staff. Ramadhani mimi ile shift ya mchana narudi na tuktuk, kukanyaga na kiu saa kumi ni kujitakia.

Maneno ya watu yapo mwanzoni. Vijana wa kijiweni: "Mamaa, nibebe basi hapo kwa keria!" Panda, mwambie, ukanyage wewe. Wakishazoea wanakusalimia tu. Binamu yangu wa Lamu alipokuja alicheka kuliko wote, huko kwao mjini ni miguu na punda, lakini siku ya pili alikuwa ashaichukua kwenda kununua mahamri na hakurudi mpaka adhuhuri.

Nyota nne kati ya tano, ile moja niliyoitoa ni ya bendi ya breki na taa. Ukienda kununua iinue gurudumu la mbele ulizungushe, usikie gololi, likikwaruza punguza bei au ondoka. Jaribu gia zote tatu ukiwa unaendesha, usikubali kuonyeshwa imesimama kwa stendi. Na ile kufuli ya duara iliyofungwa nyuma kwa gurudumu, nyingi zinakuja hazina ufunguo, muuzaji atakwambia "iko nyumbani ntakuletea". Uone ufunguo kwa macho yako kabla hujatuma pesa, halafu bado ununue cheni na kufuli kubwa uifunge kwa nguzo, maana ile ya duara inazuia gurudumu kuzunguka, haimzuii mtu kuibeba begani.